Pakiti Aliyoisoma Mkwe

Wazazi, walimu, wanafunzi wenzangu, na wewe unayekohoa kule karibu na dirisha: shikamooni wote. Hata ambao tumelingana umri, leo itikieni tu. Mwalimu wa afya amenipa dakika kumi na tano na ameniomba mambo mawili. La kwanza, nisitaje jina la mtu. La pili, nisilete mchezo. La kwanza nitajitahidi.

Ndugu zangu, nawaambia mapema. Mimi mnayeniona hapa, kidato cha tatu, shati la kuazima, nilivuta sigara tangu darasa la nne. Na nusura nimuue bibi yangu, na silaha niliyotumia ni kusoma, nilikofundishwa na walimu hawa hawa mnaowaona wameketi hapa. Msiwaangalie vibaya, walifundisha vizuri.

Bibi simtaji. Aliyekaa mkeka wa mbele, amejifunga kitenge cha kijani, ajue sijamtaja. Baba naye simtaji, ingawa mkigeuka mtamwona kule mwisho, amesimama anaangalia ukuta. Hajaadhibiwa. Yeye ni mkwe, na mama mkwe wake yuko mbele hapa. Wenyeji mmeshaelewa. Walimu mliohamishiwa huku kutoka mikoani, subirini kidogo, nitawaeleza, maana ushuhuda wangu wote umekaa hapo.

Naanzia jikoni.

Nilipelekwa kwa bibi hapa Ruponda nikiwa mdogo, kwa sababu baba ni fundi mwashi na mama anamfuata kila anakojenga. Bibi alikuwa anavuta tangu mama hajazaliwa. Na alivuta kama tunavyovuta sote huku, moja moja. Unakwenda dukani, mwenye duka anafungua pakiti, anachomoa moja, anakuwekea kiganjani. Pakiti inabaki kwake rafuni. Kumbukeni hilo la pakiti kubaki rafuni, nitalirudia.

Basi bibi anakaa barazani, sigara mkononi, ananiita, "Mume wangu, kaniwashie." Walimu wageni, msishtuke. Huku kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani. Ananidai nguo, ananiambia nimezeeka, ananitishia kwamba atarudi kwao Matambarale kwa sababu simtunzi. Na mimi namjibu aende, nitaoa mwingine mwenye meno. Hakuna siku tuliyoongea bila kutaniana.

Sasa mume anachukua sigara anakwenda jikoni, anaweka ncha kwenye kaa la moto. Mnajua wenyewe, haishiki bila kuvutwa. Unapiga pafu moja ishike. Unapiga la pili isizimike njiani. La tatu ni kwa sababu kati ya jiko na baraza kuna upepo. Nilipofika darasa la sita, upepo wa nyumbani kwetu ulikuwa mkali kiasi kwamba bibi alikuwa anapokea nusu sigara. Alikuwa anaitazama, ananitazama, anasema sigara za siku hizi fupi.

Nikaingia sekondari nikiwa fundi kamili. Nyuma ya vyoo vya shule, mwalimu mkuu naomba radhi, palikuwa na kijiwe chetu. Kazi yangu pale ilikuwa kuchekesha. Mwenye duka alinipa pakiti tupu, basi kabla hatujawasha naishika mbele ya uso kama mtangazaji wa redio, nakohoa kidogo, nasoma kwa sauti nzito: "Onyo. Uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako. Huo ndio mwisho wa taarifa ya habari. Washeni." Washikaji wanacheka mpaka wanakaa chini. Tukawa hatuwashi mpaka taarifa isomwe, kama dua ya kula.

Kwa hiyo mtu asiniambie habari za onyo la kwenye pakiti. Hakuna mtu kata hii nzima aliyelisoma mara nyingi kuliko mimi, tena kwa matamshi safi. Na halikunizuia hata siku moja.

Msimu mmoja wa korosho, bibi aliuza vizuri, akajipa heshima. Akanunua pakiti nzima, imefungwa na karatasi yake ya kung'aa, mara ya kwanza maishani mwake. Alikaa nayo barazani anaigeuza geuza kama mtu aliyeletewa mtoto ampe jina. Bibi hajui kusoma. Kiswahili chenyewe ni cha sokoni, ndani ya nyumba anaongea Kimwera. Lakini anayaheshimu maandishi. Kwake maandishi ni kadi ya kliniki, ni barua ya serikali, hayaandikwi bure. Akaweka kidole ubavuni mwa pakiti, pale kwenye herufi ndogo ndogo.

"Mume wangu, hapa wamesema nini?"

Ndugu zangu, nilifungua mdomo nisome ukweli. Haki ya Mungu. Halafu nikawaza kitu kimoja tu: huyu bibi akisikia haya akaacha, nani atakuwa ananituma jikoni?

Nikasema, "Wamesema ni dawa ya kifua. Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula."

Hiyo baada ya kula niliitoa kwenye bahasha za vidonge vya zahanati. Nikasubiri acheke ili na mimi nicheke. Hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, akasema ndiyo maana, kumbe ndiyo maana, kifua chake kilikuwa kinamsumbua tangu masika. Mdomo wangu alishauzoea kwa utani, lakini karatasi haijawahi kumtania. Alichosikia kilitoka kwenye karatasi.

Ningeweza kumsahihisha hapo hapo. Badala yake nilikimbilia kijiweni kuwasimulia wenzangu, na nilishangiliwa kama niliyefunga goli.

Kuanzia siku hiyo bibi akawa mgonjwa mwenye nidhamu. Zamani alivuta akijisikia, siku nyingine alisahau. Sasa alivuta asubuhi na jioni bila kukosa, na kifua kikimbana mchana aliongeza moja, kama mtu anavyoongeza kidonge. Akikohoa zaidi alisema dawa inautoa ugonjwa nje. Jirani yake, bibi mwenzake ambaye hajawahi kuvuta maisha yake yote, alikuja na mafua akapewa moja. Alivuta mara mbili akageuka rangi, akashika nguzo, akasema dawa kali ndiyo inayofanya kazi. Jioni akarudi kuomba dozi ya pili. Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa miezi.

Sasa niwapeleke kwenye ngoma.

Wote mnakijua kigelegele cha bibi yangu. Wasichana wakitolewa unyagoni, yeye ndiye anayefungua. Anaweka mkono mdomoni, anakitoa, na hakikatiki mpaka mpiga ngoma amtazame kwa huruma. Watu walikuwa wanatoka hadi Nanganga, wanauliza kwanza kama bibi yupo ndipo wanakaa. Mwaka ule wasichana walipotolewa nilikuwa nimesimama karibu, maana nilikuwa nataka kuona msichana fulani ambaye naye simtaji. Uwanja ukanyamaza. Bibi akasimama, akarekebisha kitenge, akaweka mkono mdomoni.

Kikatoka kidogo, kama mlango wenye kutu. Kikakatika. Akajaribu tena, ukaja upepo mtupu. Halafu kikohozi kikamshika, akainama, akapiga magoti, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya wasichana wote. Akina mama hawakujua wafanye nini. Mmoja akapiga kigelegele chake haraka haraka kufunika aibu, ngoma ikaanza, watu wakaanza kucheza wakizunguka mahali alipokaa.

Nilikwenda kumwinua. Alikuwa mwepesi. Alinishika bega, na kabla hajapata hata pumzi ya kutosha akaniambia, "Mume wangu, nipe dawa."

Ndugu zangu, hapo sikucheka.

Nilimpeleka zahanati kwa baiskeli. Muuguzi, ambaye simtaji ila ni yule pale mwenye viatu vyeupe, alimpima, akachukua makohozi, yakapelekwa hospitali Nachingwea mjini. Majibu yalipokuja tukarudi, muuguzi akasema siyo kifua kikuu, mapafu yameumizwa na moshi. Akamwambia aache sigara leo hii, akiendelea hatafika msimu mwingine wa korosho. Alisema kwa Kiswahili cha mbio cha watu wa kwao, na bibi akadaka nusu tu. Bibi akamjibu kwa utulivu kwamba sigara ndiyo dawa yenyewe, imeandikwa kwenye pakiti. Muuguzi akacheka. Akadhani ni utani wa kizee, akamgonga bega, akaita mgonjwa mwingine.

Na mimi niliyekuwa nimesimama pale na daftari lake la matibabu mkononi, nikalifunga, nikamfuata nje.

Njiani ikanibidi nisimamishe baiskeli. Nikamwambia: bibi, nilikudanganya, imeandikwa kwamba ni hatari, inaua. Ndugu zangu, alicheka mpaka nikamshika asianguke.

"Mume wangu mchoyo," akasema. "Unataka nife wewe ubaki unazivuta peke yako."

Nikaapa. Akacheka zaidi. Nikachukua pakiti nikamsomea neno kwa neno, akaniambia nisome na mahali walipoandika kwamba mjukuu wake atafeli mtihani. Miaka yote nilikuwa nimemzoesha kwamba nikiongea kwa uso wa msiba ndipo ninatania sana. Nikamleta rafiki yangu asome. Naye ni mjukuu kama mimi, akafukuzwa kwa ufagio. Nikamwomba mwenye duka. Mwenye duka ni mtani wa ukoo wao, wakikutana msibani wanapakana majivu. Alipofungua tu mdomo bibi akamwambia kwanza alipe mbuzi aliyeliwa na babu yake.

Yaani nilikaa pale barazani nikahesabu watu wanaojua kusoma ambao bibi anawasikiliza, na wote ni watani; muuguzi naye alishacheka naye, na mama hajui kusoma. Walimu wageni, sasa ndipo nawaeleza. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye hawezi kutaniana na bibi yangu hata kwa bahati mbaya. Mkwe wake wa kiume. Mkwe huku hamkaribii mama mkwe, hali naye, hamtazami usoni. Wakikutana njiani anaingia porini ampishe. Neno likitoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe limepimwa mara saba.

Na mkwe wake ni baba yangu. Ambaye alikuwa hajui kwamba ninavuta.

Nilidandia lori la magunia mpaka Ruangwa. Nimewahi kuitwa ofisi ya mwalimu mkuu mara nyingi, na mnajua hivyo, lakini siku ile ndiyo ya kwanza kuomba lori liharibike njiani. Nilimkuta baba juu ya ukuta, mwiko mkononi. Nikasimulia yote nikiwa chini nimetazama ndoo ya udongo. Akaweka tofali. Akaweka la pili. Akalisawazisha.

"Unavuta?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Darasa la nne."

"Nani alikufundisha?"

"Jiko."

Nilidhani mwiko utanishukia. Akashuka yeye, akakaa kwenye tofali, akajifuta uso. Akaniambia kwamba tangu amemwoa mama hajawahi kumwambia mama mkwe neno lolote zaidi ya salamu, tena ya mbali. Baba yangu anabeba mfuko wa saruji kwa mkono mmoja, na siku ile alikuwa anaogopa kuliko mimi. Kisha akanawa, akavaa shati la mikono mirefu, tukaondoka.

Tulipofika alibaki nje ya ua, akageuka, mgongo ukaelekea nyumbani. Mimi nikaingia kumwambia bibi kwamba mkwe yuko nje na ana neno. Bibi akajifunika kitenge kingine juu ya kile alichovaa, akakaa sawa. Sigara ya jioni ilikuwa mkononi, haijawashwa. Nikampelekea baba pakiti. Akaisoma kwanza kimya, midomo inatembea. Halafu akasoma kwa sauti, akiliangalia shamba la mihogo, taratibu, akarudia kwa Kimwera kila neno:

"Onyo. Uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako."

Bibi hakucheka. Akaniambia, "Mwambie mkwe asome tena."

Akasoma tena. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Kuku walikuwa wanaparua mchanga, nawasikia mpaka leo. Bibi akaitazama ile sigara muda mrefu, akaiweka chini kwenye mkeka, mbali kidogo, kama kitu cha mtu mwingine. Akaniambia nimshukuru mkwe na nimpe maji ya kunywa. Nikageuka kwenda. Ndipo akaniita.

"Mjukuu."

Ndugu zangu, sikuwahi kuitwa hivyo. Miaka yote mume wangu, mume wangu, mpaka nilikuwa naona aibu mbele ya wenzangu. Siku ile akasema mjukuu, kama anavyomwita mtoto yeyote anayepita njiani. "Mjukuu, ulinisomea hivyo kwa nini?" Nikamwambia ukweli wote. Kaa la moto, upepo, nusu sigara. Akasikiliza. Akasema, "Siku nitakayoacha mimi, na wewe utaacha. Mimi naacha leo." Akajifunika, akaingia ndani.

Hakunipiga. Ningeomba anipige.

Baada ya hapo tukaanza vita. Bibi alikuwa mkali wiki nzima, aligombana na mbuzi, na mchi, na mvua ambayo hata haikunyesha. Mkono ukimwasha alitafuna muhogo mkavu. Mimi nilitafuna korosho mpaka nikaharisha. Siku ya tisa nilishindwa. Nilikwenda nyuma ya vyoo, nikavuta mara mbili tu, nikanawa, nikatafuna majani ya mpera. Nilipofika nyumbani bibi alivuta hewa mara moja kwa pua, akapakua ugali, akaniwekea mbele yangu, akasema, "Kula, mjukuu." Basi. Wiki ile neno hilo lilinipiga kila asubuhi kuliko fimbo. Sijagusa tena tangu siku ile ya tisa, na washikaji wa kijiweni ni mashahidi, maana taarifa ya habari ilikosa mtangazaji na kijiwe kikafa.

Sasa sikieni raha hii. Msimu uliopita, korosho zimeanza kudondoka, tukatoka na bibi kwenda shambani. Lile shamba liko juu ya kilima, na mwaka uliotangulia hakufika hata nusu. Nilikuwa nyuma yake na kapu. Akapanda. Nikasubiri asimame, hakusimama. Mimi, kidato cha pili, mchezaji wa timu ya darasa, nilikuwa nahema kama mbwa, bibi anaendelea. Alipofika juu akageuka, akaniona nimeinama nimeshika magoti, akasema:

"Mume wangu umezeeka. Nitarudi kwetu Matambarale."

Nililitupa kapu. Nilikimbia kuzunguka mkorosho mara tatu nikipiga kelele kama mwehu. Mtu wa shamba la jirani alikuja na panga akidhani kuna nyoka.

Basi somo langu ni hili, na mwalimu wa afya usikunje uso. Onyo lipo kwenye pakiti, na sisi tunanunua moja moja, kwa hiyo linaionya rafu ya mwenye duka, ambayo haijawahi kuvuta. Asiyejua kusoma anasomewa na mhuni kama mimi. Na sisi tunaojua tumeligeuza kichekesho. Wenye kutengeneza pakiti wakitaka onyo lifanye kazi, waweke picha ya mkwe, amegeuza mgongo. Wakishindwa hilo, basi kila nyumba iwe na mtu mmoja ambaye akisoma kitu hachezi. Nyumbani kwetu mwaka huu nimeomba kazi hiyo. Bado niko kwenye majaribio. Bibi akiniletea bahasha ya vidonge, nasoma, halafu anaipeleka kwa muuguzi kuhakikisha. Ana haki.

Namshukuru muuguzi, ambaye sasa mgonjwa akitania anamwuliza mara mbili. Namshukuru mwenye duka, ambaye kile kiberiti cha gesi anachokining'iniza kwa kamba pale kaunta amekifunga na kipande cha pakiti chenye lile onyo, kwa hiyo ukitaka moto lazima ulishike. Na anakusomea yeye mwenyewe, usiku na mchana, mpaka wateja wanakerwa. Namshukuru jirani yetu, yule bibi wa dozi, kwa kunisamehe baada ya kunipiga na mwiko wa ugali, ambao ulikuwa wa haki. Na baba, pale ulipo ukutani, usigeuke, ila nakushukuru. Uliogopa na ukasoma.

Dakika zangu zimekwisha, namwona mwalimu anagusa saa. Nimebakiza shahidi mmoja. Mke wangu, simama, rekebisha kitenge. Wengine wote vuteni pumzi sasa hivi, muizuie, muiachie pale atakapokata kigelegele chake. Na aliyewasha moja leo asubuhi kabla ya kuja hapa, nakushauri kwa heshima, usijaribu, hatuna machela.

Bibi, fungua.